Kimbunga kikielekea pwani yetu: usiulize tu kinatua wapi

Ijumaa ya Mei 3, 2024, karibu kila simu ya Unguja na Pemba ilikuwa na picha ile ile: ramani ya bahari, duara jekundu mashariki ya Mafia, na mstari unaokuja magharibi. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinakaribia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, wavuvi wakaambiwa wavute vyombo, na barazani swali lilikuwa moja: kinatupiga au hakitupigi? Jumamosi ya Mei 4 kikafika Mafia, nguvu zimeshapungua. Huku visiwani watu wakashusha pumzi na wengi wakalifunga jambo pale pale. Kimetukosa, basi.

Nalirejea jambo hili kwa sababu swali lile lilikuwa finyu mno, na kimbunga kijacho kitatukuta tunaliuliza tena. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita. Mtu aliye kilomita 150 kutoka kitovuni anaweza kupata upepo wa kung'oa mabati na bahari ya kuzamisha chombo, na mwingine aliye umbali huo huo asipate ila mvua ya kawaida ya masika. Kinachowatenganisha ni mambo mawili: wapo upande gani wa kimbunga, na maji ya bahari yamejaa au yamekupwa. Kwa sisi wa visiwani, hayo mawili ndiyo ya kufuatilia kabla ya nukta kwenye ramani.

Kwanza tukubaliane kwamba ni kweli, hapa kwetu vimbunga ni nadra, na unadra huo una sababu. Ili kizaliwe, kimbunga kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, tena joto liende chini makumi ya mita, si la juu juu tu. Kinataka hewa yenye unyevu mwingi. Kinataka pepo za chini na za juu zisipingane sana, maana zikipingana hukikata kichwa kabla hakijakua. Na kinataka mzunguko wa dunia uipe hewa msukumo wa kuzunguka. Hili la mwisho ndilo linalotukinga. Msukumo huo haupo kabisa kwenye ikweta, unaongezeka kadiri unavyokwenda mbali nayo, na ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo vimbunga huzaliwa kwa nadra sana. Pemba ipo kwenye nyuzi 5 kusini. Mji wa Unguja upo kidogo baada ya nyuzi 6. Ongeza hapo Madagascar, kisiwa kinachoanzia nyuzi 12 na kushuka hadi kupita nyuzi 25, ambacho hupokea vimbunga vingi kabla havijafika Afrika. Vya kutuhusu ni vile vichache vinavyopita kaskazini ya ncha yake.

Kwa hiyo tupo ukingoni. Lakini aliye ukingoni hayupo nje. Jumatatu ya Aprili 15, 1872, wakati wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliupiga mji wa Unguja wenyewe. Majahazi na merikebu zilizokuwa bandarini ziliharibiwa, zikiwamo za Sultani, nyumba zikaanguka, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikalala chini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyobeba zao la karafuu. Kisiwa kimoja kuvunjika na cha pili, kilomita 50 tu kaskazini yake, kubaki kimesimama: hiyo peke yake inatosha kuonyesha umbali mdogo unavyoweza kuamua mengi.

Sasa tazama miezi. Kile cha 1872 kilikuja Aprili. Kilichoipiga Lindi mwaka 1952, Aprili. Kenneth, kilichotua Cabo Delgado huko Msumbiji na kuwafanya watu wa Mtwara wakimbie nyumba zao, Aprili 25, 2019. Jobo, Aprili 2021. Hidaya, Mei 2024, na baada yake mwezi huo huo Ialy, kilichopita mbali baharini kikielekea upande wa Somalia na kuchafua bahari hadi pwani ya Kenya. Vimbunga vingi vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hutokea kati ya Januari na Machi, lakini wakati huo ukanda wa mvua unaovilea huwa kusini zaidi yetu. Vyetu hupenda kuja msimu ukiwa unafungwa, katika tangambili, kipindi cha kati ya pepo mbili za mwaka, kaskazi imeshakufa na kusi haijashika, bahari ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye joto lake kubwa la mwaka. Na huo ndio wakati wa masika. Ardhi imeshashiba, mabonde ya mpunga ya Pemba yamejaa, Mwanakwerekwe maji yanatafuta pa kwenda. Kimbunga dhaifu kikileta mvua ya siku mbili juu ya hali hiyo, madhara yake hayalingani na jina lake dogo.

Kinafuatiliwa vipi? Mwanzoni hakina jina wala umbo. Ni kundi la mawingu mazito, na katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, utasoma kuna "mgandamizo mdogo wa hewa" mashariki ya mahali fulani. Mwenye dhamana ya kuvifuatilia vimbunga vya upande wetu wote wa bahari, kwa mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ni kituo cha Météo-France kilichopo kisiwa cha La Réunion. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, mfumo unapewa jina kutoka orodha iliyotayarishwa mapema na nchi za ukanda huu. Ukifika 89 inakuwa dhoruba kali. Ukifika 118 ndiyo kimbunga kamili, 166 kimbunga kikali, na kikizidi 212 kipo daraja la juu kabisa. Kwa hiyo kupata jina hakuna maana kwamba kimeshakuwa kimbunga cha kubomoa. Sisi tunaita kila chenye jina kimbunga, na TMA nayo huandika hivyo kwa urahisi wa kueleweka, lakini msomaji atazame kasi ya upepo, si jina.

Na hiyo kasi nayo ina mtego. Kituo cha La Réunion hutoa wastani wa upepo wa dakika 10. Wanamaji wa Marekani, ambao nao hufuatilia vimbunga vya bahari yetu, hutoa wastani wa dakika 1, na wastani wa muda mfupi lazima uwe mkubwa zaidi. Ndiyo maana kundi moja la simu linakuambia kimbunga kina kilomita 120 na jingine linakuambia 140, watu wakaanza kubishana nani mwongo. Hakuna mwongo. Wote wanaongelea upepo ule ule, na wote wawili hawajataja dharuba za ghafla, ambazo huzidi wastani wowote.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa kawaida hakuna ndege inayoingia ndani ya vimbunga vya Bahari ya Hindi kupima, kama inavyofanyika upande wa Marekani. Namba unayoisoma imekisiwa kutokana na picha za setilaiti. Setilaiti ya Ulaya iliyo juu ya bahari yetu hupiga picha kila baada ya dakika 15, na mtaalamu hulinganisha umbo la mawingu, yamejikunja kiasi gani, jicho limefunguka au la, mawingu yanayolizunguka ni ya baridi kiasi gani, kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970. Setilaiti nyingine zinazozunguka chini zaidi husoma mikunjo ya uso wa bahari na kukadiria upepo, lakini hizo hupita kwa zamu. Kimbunga kikishakaribia ndipo rada za pwani, kama ile ya Dar es Salaam na ile ya Mtwara, zinaanza kuona mvua yake. Ni kazi nzuri na ya kuaminika, ila mtu ajue kwamba anasoma makadirio ya watu wazoefu, hasomi kipimo.

Njia ya kimbunga hukisiwa kwa namna nyingine. Kimbunga hakichagui kwa kwenda. Kinachukuliwa na mkondo wa hewa ulio juu yake na pembeni yake, mithili ya kifuu cha nazi kilichoangukia kwenye mkondo wa maji. Kompyuta zinachohesabu ni mkondo huo wa hewa. Kwa kuwa hakuna anayeujua kikamilifu, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kinaendesha hesabu hiyo mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kisha kinatazama njia zote. Zikienda pamoja, watabiri wanakuwa na imani. Zikitawanyika, moja Tanga, nyingine Lindi, ujue jambo halijaiva.

Mtawanyiko huo ndio unaochorwa kama umbo linalotanuka mbele ya kimbunga. Watu hulisoma vibaya. Umbo lile ni mahali kitovu kinapoweza kupita, si mpaka wa madhara. Nyumba yako ikiwa nje ya umbo, bado upepo na mvua vinaweza kuifikia. Na utanuke kiasi gani? Utabiri wa siku moja mbele hukosea kwa makumi ya kilomita, wa siku tatu unaweza kuzidi mia. Mafia na mji wa Unguja zimeachana kwa karibu kilomita 200. Basi mtu aliyeitazama ramani ya Hidaya siku tatu kabla hakuwa na njia ya uhakika ya kusema ni Mafia, si Unguja. Kuzuia boti na kuvuta ngalawa hakukuwa woga. Vivyo hivyo kwa Jobo, mwaka 2021, kilichodhoofika njiani na kusambaratika kilipokaribia pwani ya Dar es Salaam. Nilisikia mengi ya kejeli baada yake. Mimi naona tahadhari ile ilikuwa sahihi, na ningetaka itolewe tena vile vile.

Tuje kwenye upande, maana hapa ndipo nchi yetu ya visiwa inapojieleza. Kusini ya ikweta hewa ya kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Weka kimbunga kwenye meza, kitovu kati. Aliye magharibi ya kitovu anapata upepo wa kutoka kusini. Aliye kaskazini anapata wa kutoka magharibi. Aliye kusini anapata wa kutoka mashariki, yaani wa kutoka baharini kuja pwani. Kimbunga kinapotembea kwenda magharibi, upande wa kushoto wa njia yake, ambao ni kusini, upepo wa kuzunguka na mwendo wa kimbunga vinajumlishana. Upande wa kulia, kaskazini, vinapunguzana.

Hidaya kilipita kusini yetu. Kwa hiyo Unguja na Pemba tulikuwa upande wa kulia, ulio dhaifu, na Kilwa na Lindi walikuwa kushoto. Huko ndiko mvua na mafuriko yalikofanya kazi, hadi barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika Somanga. Tulichosalimika nacho hakikuwa umbali peke yake.

Lakini upande dhaifu una hila yake. Kimbunga kikiwa kinakaribia kutoka mashariki, upepo hapa unaanza kusini, na mtu anaweza kudhani ni kusi tu imeingia mapema. Kikipita kusini yetu, unageuka kuwa wa magharibi, unaotoka bara. Bandari ya Malindi, Forodhani, Shangani, pamoja na Mkoani, Chake Chake na Wete kwa upande wa Pemba, zote zinatazama magharibi. Nahodha anayefunga chombo Malindi kwa kamba na nanga za kusi na kaskazi, chombo chake kitasukumwa kuelekea nchi kavu kutoka upande ambao hakuutegemea. Hapo nanga ya upande wa baharini ndiyo inayookoa, na inatakiwa itiwe kabla, si upepo ukishageuka. Nenda Paje au Jambiani saa hizo hizo, upepo unatoka nchi kavu na bahari ya karibu inaweza kuonekana tulivu kuliko mjini, huku mawimbi marefu yaliyotumwa na kimbunga siku moja nyuma yakiendelea kupiga mwamba.

Kingepita kaskazini ya Pemba, kila kitu kingegeuka. Tungekuwa kushoto, upande wenye nguvu, upepo wa mashariki ukisukuma bahari wazi moja kwa moja Kojani, Micheweni, Matemwe, Makunduchi. Njia hiyo ni nadra zaidi kwa sababu ya ukaribu wa ikweta. Mwenye kufuatilia ramani aitazame hiyo kwanza: kitovu kinapita kusini yetu au kaskazini yetu?

Halafu maji. Kimbunga huinua bahari kwa njia mbili. Ya kwanza ni mgandamizo: kila ukishuka hektopaskali 1, ambayo ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, uso wa bahari hupanda kama sentimita 1. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni upepo kuyasukuma maji hadi yakajilundika kwenye kina kifupi. Mkondo wa Unguja na bara ni wa kina kifupi, makumi machache ya mita, kwa hiyo maji yana pa kujilundika. Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita karibu na kisiwa, hivyo maji hayajilundiki sana, ila mawimbi yanafika na nguvu zake zote.

Ongeza hayo juu ya kujaa na kupwa kwetu. Wakati wa bamvua kubwa, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, siku za nusu mwezi, ni sehemu ndogo ya hapo. Kina mama wa mwani wanalijua hili kuliko mtu yeyote, maana bamvua ndiyo kazi yao: maji yanakauka mbali saa nne asubuhi, wanashuka kufunga mwani, na jioni saa kumi au kumi na moja yanajaa hadi ukingoni. Bahari ikiinuliwa mita 1 na kimbunga saa nne ya bamvua, hakuna nyumba itakayoloa. Ikiinuliwa mita ile ile saa kumi na moja, inaingia majumbani, na Kisiwa Panza huko Pemba, ambako maji ya chumvi yameshawala watu mashamba bila ya kimbunga chochote, sitaki kufikiria. Hidaya kilifika siku chache kabla ya mwezi kuandama, maji yakiwa ndiyo kwanza yanatoka kwenye maji mafu. Kingechelewa siku tano au sita kingekutana na bamvua. Hiyo nayo ilikuwa bahati yetu, na sijaiona ikitajwa.

Kuna vitu viwili mtu anaweza kuvitazama mwenyewe. Simu nyingi siku hizi zina kipima mgandamizo wa hewa. Katika nchi za joto mgandamizo una utaratibu wake wa kila siku: unapanda hadi saa nne asubuhi, unashuka hadi saa kumi alasiri, unapanda tena hadi saa nne usiku, na tofauti yake yote ni hektopaskali 3 hivi. Ukiona asubuhi inafika saa nne na mgandamizo unashuka badala ya kupanda, kuna kitu kinakuja. Cha pili kina umri mkubwa zaidi, kanuni iliyoandikwa na Mholanzi Buys Ballot mwaka 1857. Huku kusini ya ikweta, simama uuelekee upepo: kitovu cha kimbunga kipo upande wa mkono wako wa kushoto. Upepo ukizidi kugeuka, unajua kitovu kinahama kwenda wapi. Ukiongezeka nguvu bila kugeuka, unajua kinakuja moja kwa moja ulipo.

Vitu hivi ni vya kuongezea taarifa ya TMA, si vya kuiacha. Taarifa hiyo ina maneno yenye daraja: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Na chini yake kuna mistari miwili ambayo watu huiruka, "uwezekano wa kutokea" na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa ni onyo zito kwa mwenye chombo. Usingoje uwezekano uwe mkubwa, maana ukishakuwa mkubwa muda wa kuvuta chombo umekwisha. Wala usidharau njano kwa kuwa haikutaja kimbunga. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 18, 2012 kwa upepo mkali na bahari chafu ya kusi, bila kimbunga chochote baharini.

Tazama pia saa. Kituo cha La Réunion hutoa taarifa kila baada ya saa 6, na zimeandikwa kwa saa za dunia, ambazo zipo nyuma yetu kwa saa 3. Iliyoandikwa 0600 ni ya saa tatu asubuhi kwetu, 1200 ni saa tisa alasiri. Picha inayozunguka kwenye simu bila tarehe wala saa isitumwe kwa mtu mwingine. Wakati wa Hidaya ramani za jana yake zilikuwa bado zinapita mkono kwa mkono wakati kitovu kimeshasogea.

Kituo kikitangaza kwamba kimbunga kimekufa, kinachokufa ni mzunguko wa upepo. Mvua yake inaweza kubaki siku moja au mbili juu ya nchi ile ile, na mawimbi marefu huendelea kufika baada ya upepo kutulia. Mkondo wa Nungwi huchafuka hata siku njema, na mawimbi hayo yakikutana na maji yanayotoka kwa kasi hapo, bahari inasimama wima. Mwenye ngalawa aliyeona jua limetoka Jumapili asubuhi ana haki ya kutaka kwenda baharini, watoto wanakula kwa bahari ile. Asubiri taarifa ya hali ya bahari itaje urefu wa mawimbi, siyo upepo peke yake, ndipo afungue kamba.